Nyumba Iliyojitenga kwa Ajili ya Mbwa

Nakumbuka siku moja ya kiangazi hapa Karatu, mwanangu, upepo ukirusha vumbi jekundu mpaka ndani ya vyungu, nilipomwona bibi yangu mzaa baba akikaa chini katikati ya njia mbele ya vijana wenye marungu. Alinyoosha miguu kama mtu anayetaka kuchambua maharage. Siku hiyo imenirudia juzi niliposikia ukimlalamikia mtendaji wa mtaa kwamba anakusumbua na sheria zake: mbwa afungwe mchana, mbwa achanjwe, mbwa asizurure sokoni. Ulisema mjini hakuna uhuru hata wa kufuga. Sikukujibu palepale, maana maneno ya kusimama hayana mizizi. Leo nimekaa. Kaa na wewe.

Nilikuwa binti aliyemaliza darasa la saba, basi. Shule yangu iliishia hapo, lakini ndoto zangu hakuna aliyeziambia kwamba shule imefungwa. Nilikuwa mtu wa kucheka hovyo, na nilishaamua kwamba nitaendesha Landrova ya watalii kushuka kreta, na mbwa wangu Doria ameketi kiti cha mbele. Siku nilipomwambia Bwana Mifugo, afisa wa serikali aliyetibu wanyama wetu, jambo hilo, alicheka mpaka akashika pikipiki yake isianguke. Akasema mbwa wa mjini hapitishwi getini kwenda kwa wanyamapori, maana ugonjwa wake mmoja unaweza kuwamaliza simba. Nikamjibu basi Doria atanisubiri hapohapo getini. Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu. Usicheke sana, na wewe nakujua.

Miaka hiyo Karatu ndiyo kwanza ilikuwa inajifunza kuwa mji. Tulishuka kutoka vijijini na mifugo yetu na mazoea yetu. Ng'ombe walichungulia madirisha ya zahanati, mbuzi walitafuna vitenge vya wauza nguo, na mbwa walikuwa wa kila mtu na si wa mtu yeyote. Kisha zikaja habari za kichaa cha mbwa. Balozi wetu wa nyumba kumi akapita mlango kwa mlango na sheria. Kila mbwa achanjwe, avae kibati shingoni, afungwe mchana. Atakayekutwa anazurura bila kibati atapigwa risasi. Na mbwa akimuuma mtu, mwenye mbwa asimuue, amfunge peke yake na kumwangalia mpaka Bwana Mifugo aseme yatosha. Hiyo ya mwisho watu waliicheka sana. Nani amlishe mbwa aliyemuuma mtoto wa watu?

Sisi tulitii. Doria nilimfunga kwa kamba ya katani, na siku ya chanjo tukapanga foleni pale mnadani tangu asubuhi. Dawa ikaisha kabla hatujafika mbele. Tukaambiwa tusubiri gari lije tena kutoka Arusha. Gari halijarudi, Doria akatafuna kamba, akatoka njiani, akamuuma Zuhura mguuni.

Zuhura alikuwa binti mdogo wa Bwana Salimu, jirani yetu mwenye duka la kanga na mafuta ya taa. Mama yake alimwosha kwa sabuni na maji mengi, wakamkimbiza zahanati. Tabibu akamwanzishia sindano zile za tumboni ambazo hata mtu mzima akizikumbuka hujishika kitovu. Lakini dawa iliyokuwepo ilikuwa ya kuanzia tu. Ya kumalizia ilisubiri gari lilelile la Arusha. Tabibu akawaambia wazazi kwamba mbwa akiangaliwa na kubaki mzima, sindano zitakatishwa na mtoto hana neno. Mbwa akiugua, wajue mapema, waitafute dawa hata kwa kuuza nyumba. Ila mbwa akiuawa na kufukiwa, hakuna atakayejua lolote, watabaki kukisia tu juu ya uhai wa mtoto.

Wakati huo vijana walishafika kwetu. Nilikuwa nyuma ya nyumba nimemkumbatia Doria shingoni, nikichungulia njiani. Mmoja akaita, "Rozi, mtoe nje mchumba wako tumsalimie." Wenzake wakacheka lile cheko la watu wanaotafuta pa kupiga. Hapo ndipo bibi alipotoka akakaa njiani. Hakupaza sauti. Aliwaambia njia ni ya serikali, wapite tu, ila anayetaka kupita amruke miguu, kisha aende akamweleze mama yake kwamba leo amemruka kikongwe. Wakabaki wamesimama, kila mmoja akimwangalia mwenzake.

Bwana Salimu akatokea, anatoka zahanati, kanzu ina damu ya mwanawe. Vijana wakampisha, na mmoja akamtia rungu mkononi. Mwanangu, hapo mambo yote yalikuwa katika mkono ule. Bibi akamtazama kutoka pale chini.

"Baba Zuhura," akasema, "mbwa aliye hai ni shahidi. Ukimuua leo, utamzika pamoja na jibu la mwanao."

Bwana Salimu alilitazama lile rungu. Kisha akaliweka rungu chini, taratibu, kama mtu anayelaza yai.

"Bibi, mimi mbwa hata kumgusa simgusi, kwangu ni najisi," akasema. "Lakini huyu namtaka awe mzima kuliko mnavyomtaka nyinyi wenyewe."

Vijana wakatawanyika wakinung'unika. Sisi tukamfungia Doria kwenye banda la ndama lililokuwa tupu. Bwana Mifugo alifika na pikipiki yake, akakagua mlango, akasema ndivyo sheria inavyotaka. Nikadhani yameisha. Kumbe bibi alikuwa na lake. Alitukusanya akasema kuanzia saa hiyo nyumba yetu imeingia metimani.

Labda neno hilo hulijui vizuri, maana nyinyi mmezaliwa taa za umeme zikiwaka. Sisi Wairaqw tangu zamani nyumba iliyofikwa na kifo, au na jambo zito, ilijitenga. Watu wake hawakuingia kwa jirani wala kuomba moto, na mifugo yao ilipita njia yake bila kuchanganyika na ya wengine, mpaka muda upite. Bibi alikuwa mtu wa rozari na misa ya kwanza, lakini mila hiyo aliijua kama anavyojua kiganja chake. Akasema mbuzi wetu watanyweshwa maji nyumbani, mbwa wetu mwingine asitoke hata kidogo, watoto wasiende kucheza, na mimi peke yangu nitamlisha Doria, sahani nikiisukuma kwa mti mrefu.

Mimi uso ukaniwaka. Kwa akili yangu metimani ilikuwa ya wafiwa na ya mabinti waliopata mimba nyumbani. Nikaona watu watapita wakitunyooshea kidole. Nikamuuliza, kwa sauti isiyo ya mjukuu, sisi tumemuua nani hata tujitenge kama wenye laana.

Bibi hakukasirika. Alinishika mkono akaniketisha.

"Rozi, anayetengwa na watu ameaibishwa," aliniambia. "Anayejitenga mwenyewe ili jirani alale salama, huyo amejiheshimu. Jifunge kanga vizuri, tembea umenyoosha shingo."

Nikanyoosha shingo. Mpaka leo, mwanangu, shingo hii ni ya siku ile.

Basi kila asubuhi Bwana Salimu, akimpeleka Zuhura sindano, alisimama ng'ambo ya ua wetu wa minyaa. Hakuingia, kwanza tuko metimani, pili kuna mbwa. Aliuliza vilevile kila siku, amekula? Nami namwinulia sahani tupu aione. Anasema alhamdulillahi, anaondoka. Zuhura mgongoni kwake alikuwa akinikodolea macho ya mtu anayetobolewa tumbo kwa kosa la mwingine. Nilikuwa nikiingia ndani nalia, kisha natoka naendelea na kazi.

Ikaja asubuhi sahani imejaa. Ugali wa jana na mifupa, vyote vipo, inzi tu ndio wanakula. Doria amelala kaelekea ukutani. Nikaita jina lake, hakugeuka. Nikaivuta sahani kwa ule mti. Na huku nasikia kandambili za Bwana Salimu zinakuja.

Nilikuwa na nafasi ya kumwaga kile chakula nyuma ya banda na kumwinulia sahani tupu kama kawaida. Hakuna ambaye angejua. Doria angepata siku nyingine, na Bwana Salimu angekwenda na alhamdulillahi yake. Shetani haji na pembe, huja na sababu nzuri. Bibi alikuwa mlangoni ananiangalia. Wazee wa zamani walijua kunyamaza pale ambapo mtoto anapaswa kuwa mtu.

Nikaenda mpaka penye ua na sahani iliyojaa. Nikamwambia, "Baba Zuhura, leo hajala."

Alifumba macho. Alimshusha mtoto, akamshika kichwa, wakakaa hivyo. Kisha akaniambia asante. Akamwachia mkewe mtoto, akaenda mwenyewe mbio kumwita Bwana Mifugo, na jioni hiyo alishapata lori la kwenda Arusha kufuata dawa iliyobaki, bila kungoja gari la serikali.

Bwana Mifugo alimwangalia Doria kwa mbali muda mrefu. Akaniambia nisukume maji. Doria akainuka, akanywa, akameza vizuri. Bwana Mifugo akasema mbwa mwenye kichaa maji humshinda koo, ila yeye hatamki lolote kabla ya wakati, tuendelee kumwangalia. Tukaendelea. Kesho yake sahani ilikuwa tupu, imelambwa mpaka inang'aa. Kilichomkatisha hamu ya kula sikukijua. Labda upweke, mbwa naye ana moyo.

Bwana Salimu alirudi na dawa, tumbo la Zuhura likaendelea kuteseka siku chache zaidi, mpaka Bwana Mifugo alipofungua banda na kusema yatosha, mbwa ni mzima. Siku hiyo Zuhura aliletwa mpaka uani kwetu. Alimtazama Doria, akamnyooshea kidole kama mwalimu, akamwambia, "Wewe, usirudie." Bibi alicheka mpaka akakohoa. Metimani yetu ikaisha kwa kicheko, jambo ambalo nadhani halikuwahi kutokea.

Na gari la chanjo lilipokuja, foleni iliyotoka mtaa wetu ilikuwa ndefu kuliko ya mitaa yote. Wale vijana wa marungu walikuja na mbwa wao kwa kamba. Aliyekuwa akiinyoosha foleni ni Bwana Salimu, asiyefuga mbwa wala paka, amesimama mbali na fimbo yake ndefu, akiwakemea wenye mbwa wasisukumane. Nilipita mbele yake na Doria, kibati kipya kinalia shingoni. Sijawahi kujivunia mtaa kama nilivyojivunia mtaa ule.

Sasa sikia, mwanangu. Uhuru wa kufuga ni wako, lakini meno ya mnyama wako hukutana na mguu wa mwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kichaa cha mbwa hujengwa makaburini. Mchanje mbwa wako kabla hujaulizwa, umfunge kabla hujafokewa. Mtu akiumwa na mbwa, hata mkwaruzo tu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi, naye apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kungoja mbwa aonyeshe dalili. Usimuue mbwa kwa hasira. Mfunge, mwite Bwana Mifugo. Na jirani akija kuuliza, mwambie kweli, hata kama kweli hiyo inakuja na sahani iliyojaa. Njia ya mwongo ni fupi, na safari hii ingeishia kitandani kwa mtoto.

Mungu akubariki wewe na zizi lako. Akujalie jirani wa kukuwekea rungu chini, nawe akufanye jirani anayestahili kuwekewa. Watoto wa mtaa wapite mlangoni kwako wakiimba, na siku jambo zito litakapoifika nyumba yako, akupe moyo wa kujitenga mwenyewe, umenyoosha shingo.