Swali la Mke Wangu Halikurekodiwa

Mke wangu alikuwa ameshazikwa siku niliyomsikia mwanaume nisiyemjua akimwambia, "Mwambie mumeo."

Mumeo ni mimi.

Na sikuwa nimeambiwa kitu.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianza na hasira sitafika.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Shule niliiacha mapema, mikono ndiyo ikanilisha. Mke wangu alikuwa mtu wa vitabu. Tulipotaka kuoana ndugu zake walimuuliza, "Umeona nini kwa huyo mchoma vyuma?"

Akawajibu, "Ananichekesha."

Utabishana vipi na jibu kama hilo?

Mtaani kwetu kuna kituo cha utamaduni. Zamani lilikuwa ghala la mbao, hata leo ukiingia unasikia harufu. Kila Jumamosi alasiri wanamleta mtu kuzungumza. Mara nyingi ni mwandishi wa kitabu. Anaongea, halafu watu wanamuuliza maswali. Viti vya plastiki, meza moja, chupa ya maji, na chai mlangoni kwa anayetaka.

Mke wangu hakukosa. Na hakuna siku aliyotoka pale bila kuuliza. Walimbandika jina, Mama Swali.

Akirudi, ananisimulia yote jikoni huku anamenya vitunguu. Anamwigiza mgeni mpaka kikohozi chake. Nilikuwa nacheka mpaka naegemea mlango.

Halafu siku moja akaanguka hapo hapo jikoni. Presha. Asubuhi alinitania kwamba shati langu lina matundu mengi ya cheche kuliko nyuzi. Jioni nilikuwa nachagua nguo ya kumzikia.

Basi.

Kilichonimaliza baada ya msiba ni sauti. Picha ninazo. Sauti sina. Simu yangu ilishaungua karakanani, na ujumbe wake wote wa sauti ukaenda nayo. Nikawa naamka naikumbuka sura, lakini sauti inanikimbia.

Nikamwambia shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyepoteza kofia na kofia iko kichwani.

"Shemeji nawe! Kile kituo kinarekodi mazungumzo yote na kuyaweka mtandaoni. Dada yangu alikaa kimya lini?"

Alinitafutia. Tukakaa karakanani juu ya fremu ya kitanda ambayo sijaimaliza, simu katikati yetu.

Jamani.

Kinasa sauti chao kilikuwa kimeunganishwa na maikrofoni ya mgeni tu. Watu waliokaa kwenye viti wanauliza kwa mdomo mtupu. Kwa hiyo mgeni unamsikia vizuri, mpaka anavyomeza maji. Ukifika wakati wa maswali unasikia mvumo tu, kama mtu anaongea ndani ya ndoo.

Halafu mgeni anasema, "Asante mama kwa swali lako." Ukumbi unacheka.

Hiyo ndoo ndiyo mke wangu.

Tukafungua nyingine. Ni yale yale. Wote wanamjibu, yeye hasikiki. Shemeji akaanza kulia. Mimi nikawa nakazana, nasogeza sikio, labda neno moja litaponyoka.

Ndipo tukafika kwa yule mwandishi. Mwanaume, sauti nzito, anaongea polepole kama anayepima kitambaa. Mvumo ukaja, mrefu kuliko siku zote. Ukakatika. Halafu akasema hivi:

"Mama, swali lako zito. Mimi nasema mwambie. Mwambie mumeo. Mwanaume mzima si kikombe, hatavunjika. Siri ikilala sana ndani ya nyumba, inaota mizizi."

Watu wakapiga makofi.

Shemeji akazima simu haraka, kama aliyeshika sufuria la moto.

"Siri gani?" nikamuuliza.

"Sijui, shemeji. Naapa sijui."

Tangu siku hiyo sikuwa mtu.

Karakanani nina mwenzangu tunamwita Msumari, kwa sababu akiingia kwenye jambo hatoki. Nikafanya kosa la kumwambia.

"Siri ya mwanamke ni mbili tu," akasema, anafuta grinda ya kusagia chuma. "Ugonjwa au mwanaume. Alikuwa mgonjwa?"

"Hata yeye hakujua ana presha."

Msumari akainamia grinda yake. Ingekuwa afadhali aongee.

Tuna mtoto mmoja wa kiume, mtu mzima, anafanya kazi mbali. Nikajikuta naishusha picha yake ukutani naiangalia masikio. Nakwenda kwenye kioo naangalia yangu. Narudi kwenye picha. Mwanaume wa umri wangu, anapima masikio ya mwanawe!

Kaburini nikaacha kwenda. Nilishindwa. Niende nimwambie nini mtu aliyeondoka na jambo langu?

Shemeji aliona ninavyokonda. Siku moja akaja mbio. "Yule mwandishi anarudi kituoni. Ana kitabu kipya. Jumamosi hii."

"Nitakwenda," nikamwambia.

"Shemeji, tafadhali usiende kugombana."

"Nakwenda kuuliza swali. Si ndiyo kazi ya pale?"

Mlangoni binti mmoja akanisogezea karatasi ya mahudhurio. "Andika jina hapa, baba."

"Niandikie, mwanangu. Macho yangu yameliwa na moto wa kuchomelea."

Shemeji akamwambia mimi ni nani. Habari ikazunguka ukumbi mzima kabla sijakaa. Watu wakanijia. "Pole baba." "Alikuwa anatuchangamsha." Mzee mmoja akanishika mkono akasema wageni wengine walikuwa wakiuliza kwanza, "Mama Swali yupo? Kama yupo nijiandae."

Niliwatazama wanaume wote. Kila mmoja. Nikajiuliza, ni wewe? Ni wewe?

Mwandishi akazungumza. Siwezi kukuambia alisema nini. Mimi nilikuwa nangoja maswali kama mtu anayengoja hukumu.

Dada anayeongoza mazungumzo akauliza nani aanze. Nikasimama kabla hajamaliza.

"Jina lako, baba?"

"Mimi ni mume wa Mama Swali, inatosha." Nikamgeukia mwandishi. "Ulipokuja mara ile, mke wangu alikuuliza jambo. Ukamwambia, mwambie mumeo. Hakuniambia. Sasa amekufa. Niambie wewe. Aliuliza nini?"

Mwandishi akavua miwani. Akanitazama kwa muda, na niliona anatafuta kichwani kwa dhati.

"Mzee wangu," akasema, "nisamehe. Sikumbuki."

Hakumbuki!

Maneno yake yamekaa nyumbani kwangu kama jiwe, nimeliruka kila nikiamka, nimejikwaa kila nikilala. Mwenye jiwe hakumbuki kama alilitupa.

Nikataka kukaa.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama upande wa dirisha. Mshonaji, utepe wa kupimia bado uko shingoni. "Mimi nakumbuka," akasema. "Nilikuwa nimekaa naye. Baba, tutoke nje nikuambie."

"Sema hapa."

"Baba, si la hapa."

"Yeye alilisema hapa, mbele ya watu. Liseme hapa hapa. Kama ni mwanaume, mtaje nimwone."

Shemeji akanivuta shati. Nikamtoa mkono.

Mshonaji akaanza kusimulia.

"Alisema, mume wangu hajui kusoma. Anadhani mimi sijui. Nimejua tangu tulipooana. Je, nimwambie kwamba najua, au nimwachie heshima yake?"

Ndiyo, msomaji wangu. Sijui kusoma. Namba nazijua, kipimo cha geti sikosei. Maneno hapana. Shule niliiacha kabla herufi hazijanikaa, na kuanzia hapo nikawa fundi wa kuficha. Macho yameliwa na moto. Miwani nimeisahau. Gazeti nanunua kila siku kama mtu wa maana, nikifika nyumbani nampa mke wangu. "Nisomee, mama, leo macho yananiwasha."

Anasoma. Kurasa zote, mpaka matangazo ya vifo. Miaka yote ya ndoa yetu.

"Alijuaje?" nikamuuliza mshonaji.

Akatabasamu huku machozi yanamtoka. "Alisema mlipooana tu alikwenda kwa mama yake, akakuachia karatasi mezani. Aliandika yuko wapi, na kwamba chakula kiko kwenye sufuria la chini. Aliporudi akakuta umezunguka mtaa mzima unamtafuta, umelala na njaa, na karatasi umeiwekea kikombe juu."

Nakumbuka usiku ule. Nilidhani ni karatasi ya dukani.

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Nikamwambia, "Cheka tu. Hata mimi ningecheka."

Halafu nikauliza lililobaki. "Kwa nini hakuniambia, na mwenyewe alishauriwa?"

"Hata mimi nilimuuliza tukitoka," mshonaji akasema. "Nikamwambia, shoga, utamwambia? Akasema hapana. Akijua najua, ataona haya kunipa gazeti. Na ile saa ya gazeti, akasema, ndiyo saa yangu."

Hapo ndipo nilipovunjika. Mwandishi alikosea. Mwanaume mzima ni kikombe kabisa.

Mwandishi aliinuka mezani pake akaja akakaa kiti cha pembeni yangu. Mwishoni akaninong'oneza, "Nilimshauri vibaya, mzee?"

"Ulimshauri vizuri," nikamwambia. "Hakukusikia tu. Hata mimi alikuwa hanisikii."

Akacheka. Nikacheka. Halafu nikalia kama mtoto, mbele ya mtaa mzima.

Nitawaambia kinachoniuma, maana najua wengine watasema mbona ni hadithi nzuri, alikupenda huyo. Alinipenda, najua. Kinachoniuma ni kwamba sikuwahi kumwambia asante. Hata mara moja. Ukimshukuru mtu kwa kukusomea, si umekiri huwezi kujisomea? Kwa hiyo alikuwa anamaliza ukurasa wa mwisho, anakunja gazeti, na mimi namwambia, "Haya, chakula kiko wapi?"

Miaka yote ile, chakula kiko wapi.

Na kuna siku nilipima masikio ya mwanangu kwa sababu yake.

Nilikwenda kaburini kesho yake, nikakaa hadi jua likawa kali. Nikasema asante. Nikairudia. Ukisema na udongo huwezi kujua kama umepokelewa.

Haya mnayoyasoma nimeyasema kwa mdomo, shemeji yangu ndiye aliyeandika. Alipofika pale kwenye kutojua kusoma akainua kichwa akaniuliza, "Hili niliweke?"

Nikamwambia liweke. Liweke lote.

Wewe unayesoma, kama kuna aibu unamficha mwenzako ndani ya nyumba, nenda kamwambie leo. Huenda ameshaijua zamani na anaibeba pamoja na wewe, kimya kimya, bila hata shukrani. Mimi yangu nimeambiwa na mshonaji, mbele ya watu, na aliyestahili kuisikia asante yangu hayupo.