Pikipiki ya Kumpeleka Mdogo Wangu

Kila ninapopita kwa vijana wanaoosha pikipiki, harufu ya mafuta ya taa na sabuni ya unga hunirudisha uani kwetu Mtoni. Mdogo wangu alikuwa ameishi siku tisa tu. Ndani, shangazi zangu walikuwa wakimvisha sanda. Nje, baba alikuwa amechuchumaa kando ya bodaboda yake, akisugua ringi kwa mswaki, spoku moja baada ya nyingine.

Jirani yetu, naye dereva wa bodaboda, akapita akicheka. "Braza, unaing'arisha hivyo, leo unabeba bibi harusi?"

Baba hakuinua kichwa. "Nampeleka mwanangu makaburini. Abiria wote nawabeba kwenye pikipiki safi. Yeye hajapanda hata mara moja."

Kicheko kikakatika. "Innalillahi. Nisamehe, braza. Nipe hiyo ringi ya nyuma, nioshe mie."

Wakaosha pamoja. Baba alipoiwasha, babu akapanda nyuma yake, amempakata mtoto. Jirani akatangulia kwa miguu mpaka barabarani, akiwaonyesha pa kukwepa matope.