Mpunga wa Juni

Huku kwetu Ifakara watu huwa na fedha miezi miwili kwa mwaka, na miezi hiyo huitumia kuthibitisha kwamba hawastahili kuwa nazo. Mpunga unapovunwa, kila nyumba inauza siku hiyohiyo, na kwa kuwa wote wanauza, bei inalala chini. Mnunuzi anakaa kwenye kiti cha plastiki, hata hapandishi sauti. Wanamletea wenyewe.

Kisha zinaanza sherehe. Kila Jumapili ya Juni na Julai kuna komunyo, kipaimara au harusi, na spika zimeelekezwa barabarani ili hata asiyealikwa asipumzike. Ikifika Februari, wakulima hawahawa wa mpunga wanasimama dukani wakinunua mchele kilo moja moja, wakilaumu serikali. Nimewaona tangu utotoni na sijawahi kuwaonea huruma.

Mimi nilimaliza darasa la saba nikabaki nyumbani, pembezoni mwa Mlabani, na mama yangu. Baba alikuwa ameshafariki. Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma, vyumba viwili, na wakati huo ilikuwa imeezekwa nyasi. Masika ya kwanza baada ya shule, mama alilala amekaa, kitanda kimesogezwa mahali pekee pasipovuja, na asubuhi akasema alilala vizuri. Nilikasirika zaidi kwa huo uongo kuliko kwa mvua.

Mwaka uliofuata nilikodi ekari moja bondeni. Nililala kwenye dungu wiki nyingi nikifukuza ndege, nikapalilia mwenyewe, na baada ya kulipa shamba, trekta na wavunaji, nilibaki na magunia tisa. Niliyaanika vizuri nikayapanga chumbani kwangu juu ya magogo, mbali na ukuta. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Gunia moja likiuzwa Juni linanunua mabati mawili. Likikaa mpaka Februari, linanunua manne. Nyumba ilitaka thelathini, jiko la nje manne, na nusu gunia ambayo ingebaki ningeitoa kwa misumari. Mbao nilikuwa nimeshazipata kidogo kidogo kwa vibarua. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kutogusa magunia kwa miezi minane.

Sasa baba yangu mdogo. Huyu ni mdogo wake marehemu baba, na ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kuweka akiba cha mtaa. Sanduku lao lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu, maana wanaaminiana sana. Kila mkutano anasimama na kusema akiba si kile kinachobaki baada ya kula, bali kile unachoweka kabla ya kula. Anasema vizuri. Anashika mkanda wa suruali, anavuta pumzi, watu wanaitikia kama kanisani. Mpunga wake mwenyewe huwa ameuza wote kabla mabua hayajakauka shambani.

Mwaka huo binti yake wa miaka tisa alikuwa anapata komunyo ya kwanza. Ukoo ukaitwa barazani kwake kuunda kamati. Mtoto anapokea sakramenti, lakini mjadala ulikuwa ndafu. Yaani mbuzi mzima, achomwe, atiwe majani mdomoni kana kwamba bado ana njaa, azungushwe ukumbini huku watu wakimpigia makofi. Nilikaa nyuma karibu na mtungi.

Shangazi yangu ndiye aliyekuwa katibu. Alikuwa anataja jina, mtu anajibu, anaandika.

"Wewe wa Sanje?"

"Andika ndizi. Mikungu mitano."

"Ndizi tutakula njiani. Ukumbini unatoa nini?"

Watu wakacheka, yule wa Sanje akaongeza jogoo wawili. Shangazi akanifikia mimi.

"Na huyu bwana shamba wetu? Nasikia chumba chako hakipitiki kwa magunia. Unalala wapi, juu yake kama panya?"

Wakacheka tena. Nilitaka kusema magunia yale ni paa la mama. Nilikuwa nimeshaipanga sentensi kichwani, lakini mimi nikitazamwa na watu zaidi ya watatu ulimi unakuwa mzito.

"Tumwandike mawili," akasema baba mdogo. "Ni dada yake huyo anayekomunika."

Kwenye vikao vyetu aliyenyamaza amekubali, na shangazi akaandika.

Wiki mbili baadaye baba mdogo alikuja na kijana mwenye guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Mimi nilisimama mlangoni mwa chumba changu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hayo mawili ya mbele yanatosha, usihangaike kuchagua."

"Sitoi."

"Hutoi nini?"

"Mpunga."

Alimgeukia yule kijana wa guta. "Umemsikia? Huyu mtoto hasemagi. Leo kafungua mdomo, neno la kwanza sitoi."

Mama akaweka ungo chini. "Mwanangu, mpe hata moja."

Nilitikisa kichwa. Nikaegemea mwimo wa mlango, njia ikazibika.

"Mwache, shemeji," akasema baba mdogo. "Ila nimuulize tu. Siku ya msiba, hayo magunia ndiyo yatabeba jeneza?"

Aliondoka na guta tupu. Mama hakuniambia neno mpaka kesho yake mchana, na hilo neno lilikuwa kuniuliza kama nimekula.

Kwenye sherehe alikwenda peke yake, amebeba doti ya kanga aliyoinunua kwa hela ya vitumbua anavyouza. Mimi nilibaki nyumbani, lakini sikukosa kitu, kwa sababu spika zilifika mpaka kwetu. Niliwasikia wakimtunza mtoto kwa zawadi. Nilisikia mshereheshaji akitangaza ndafu kwa sauti ya mtu anayetangaza rais. Kisha baba mdogo akapewa kipaza sauti, akashukuru ukoo wote, akasema wapo wengine wanaolalia magunia na Mungu awape usingizi. Mtaa mzima ulicheka. Huyu ni mtu aliyeuza magunia kumi na moja kwa bei ya kutupa ili mtoto ashike mkasi wa keki, na mimi ndiye niliyekuwa kichekesho.

Nikayaangalia magunia yangu, nikafurahi kwa ubaya. Nilijua Februari itafika. Nilikuwa naingoja kama wengine wanavyongoja Krismasi.

Ikafika. Bei ilipanda kama nilivyotegemea, gunia moja mabati manne. Siku moja nikamkuta mwenyekiti wa akiba dukani, amesimama upande wa mizani, mfuko wa mchele wa kilo mbili mkononi. Nilimpa shikamoo kwa adabu kuliko siku zote. Aliitikia akitazama mizani. Njia nzima nilirudi natabasamu, na sioni aibu kuliandika hilo.

Jumatatu nilikodi guta langu mwenyewe nikaanza kutoa magunia kwenda mashineni. La kwanza mpaka la nane yalikuwa sawa. La tisa, lile la ukutani kabisa, nililishika nikaanguka nalo kinyumenyume, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kwa uzito usiokuwepo. Lilikuwa limejazwa pumba, na juu limefunikwa mpunga kidogo.

Mama alikuwa jikoni. Nilimwambia tumeibiwa.

"Hatujaibiwa," akasema. "Ni mimi."

Alikuwa amempa mke wa baba mdogo, debe kwa debe, tangu Desemba. Mama mdogo alikuwa anakuja mchana nikiwa kwenye vibarua, ndoo imefunikwa kanga, na watoto wake walikuwa wanakula mlo mmoja.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungesema sitoi."

"Wamekula mpunga wao Juni, mama. Wamempa mbuzi majani."

"Najua. Nilikuwepo. Hata nyama yenyewe ilikuwa ngumu."

Nilitaka kumwambia maneno mengi. Akaniwahi.

"Baba yako alipofariki, wewe ulikuwa mdogo. Ilikuwa Machi, ndani hamna kitu. Mbao za jeneza, sanda, chakula cha waombolezaji, vyote ni baba yako mdogo. Aliuza mpunga ukiwa bado mbichi shambani. Msimu ule hakuvuna hata debe lake, alikuwa anavuna mali ya mtu. Hajawahi kunikumbusha."

"Alinikumbusha mimi. Pale mlangoni."

"Wewe alikuuliza," akasema mama. "Hukumjibu."

Alirudi kupuliza moto. Nilisimama pale na lile gunia la pumba, nikitafuta pa kupeleka hasira yangu, sikupaona. Kwa hiyo nikalibeba, nikauza pumba kwa mfuga kuku.

Nyumba iliezekwa mwanzoni mwa Machi. Mabati thelathini yalitosha vyumba na baraza, na misumari ikapatikana. Jiko lilibaki na nyasi. Mvua zilipoanza lilivuja katika siku ya kwanza, mama akahamishia mafiga barazani, na kabla ya Pasaka mabati mapya yalikuwa yameshaanza kuwa meusi juu ya moto.

Bado nawadharau. Ndafu ni upumbavu, na mtu anayehubiri akiba akiwa na mfuko wa kilo mbili ni kichekesho, hata kama alimzika baba yangu. Nimejaribu kuziweka hizo habari mbili pamoja na hazikai.

Jumapili moja katikati ya masika baba mdogo alikuja kutusalimu. Mama akampa kiti na sahani ya wali na kambale. Alikula polepole, akifurahia, kisha akainua macho.

"Moshi huu utakula bati, shemeji. Pikieni jikoni."

"Jiko linavuja," mama akasema, bila kunitazama.

Baba mdogo alitoka mpaka uani kwenye manyunyu, akalipima jiko kwa macho, akarudi akijifuta kichwa.

"Pale ni mabati manne tu, mwanangu," akaniambia. "Mtu unajibana kidogo kidogo, unayapata."

Mama akamwongezea wali.