Karanga Ndani ya Anwani ya Mjane

Mpaka leo sijajua ni nani aliyempa muuza karanga makaratasi yale.

Nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja ya hapa Lubumbashi inayoandaa hati za kuuza nyumba. Mjane mmoja alitandaza juu ya meza karatasi iliyofungia karanga, yenye mafuta, akainyoosha kwa kiganja.

"Papa, hii jina iko ya nani?"

"Iko yako, mama," karani akajibu.

"Na adresi?"

"Iko yako."

"Shemeji yangu alinunua karanga hapa ku mulango yenu. Jana alikuya nayo ku chumba yangu ya Kampemba na bandugu yake. Banakatala niuzishe nyumba ya marehemu. Nilikuwa nabafichama kule!"

"Shiye hatuuzishake karanga, mama."

Mtu mmoja nyuma yangu alicheka.

Muuza karanga akaitwa mbele ya mkuu wa ofisi. "Makaratasi banipatiaka mu katoni, bure. Miye sijue kusoma." Alipoulizwa ni nani anayempa, aliwatazama makarani watatu, wote wakatazama kalamu zao. "Siwezi kusema, patron. Nauzishiaka hapa."

Huenda aliyempa alimwonea huruma tu. Wema nao huingia nyumba za watu bila kubisha hodi. Fomu yangu niliijaza huku nimeifunika kwa mkono.

Mkuu akaamua kwamba nakala zilizoharibika, kama hiyo ya mjane, zichomwe uani kila Ijumaa.

"Yangu nachoma leo," mjane akasema. Akaomba kiberiti, akaichoma mwenyewe, akasubiri hadi ikawa majivu. Kisha akaenda kutafuta chumba kingine, na hakusema mtaa gani.