Nimeachiwa bidoni ya lutuku niilinde

Marafiki, mama aliyeniuzia pombe miaka yote ameniachia leo bidoni nzima, dumu lililojaa lutuku yake kali, niilinde. Minye, mimi mlevi!

Munanijua: kampuni ilinifukuza kwa ulevi, nyumba yao ikaenda pamoja na kazi, nikawa nalala nyuma ya soko hapa Likasi. Leo ni siku ya kumi na mbili sijagusa kopo.

Asubuhi binti wa mama huyo, Mama Kalenga, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mama akanikuta nikipita mbele ya mlango wake.

"Citoyen, baki na bidoni. Ni weye tu hunywi."

Akaondoka mbio.

Nilikaza kifuniko, nikaenda mpaka barabarani, nikarudi, nikanusa, nikaenda tena. Kapenda, mwenzangu wa kule nyuma ya soko, akaja na kopo lake.

"Kidogo tu, ndugu. Hatajua."

"Toka, Kapenda! Nikikumiminia, nitakunywa minye kwanza."

Akanitukana, akaenda zake.

Mchana Mama alirudi akicheka na kulia. Mjukuu amezaliwa, mzima! Bidoni hata hakuikagua. Akajaza kopo, akanipa mbele ya majirani.

"Kunywa, baba! Tumushangilie mutoto!"

Wote wananitazama. Kopo liko tayari mkononi mwangu.

Nikamrudishia. "Mama, minye niko na njaa. Unipatie bukari."

Akalipokea kopo. Kisha akaingia ndani, akaniletea sahani imejaa ugali.

Nimekula nimesimama. Mpaka sasa sijaweza kukaa chini, hamu ya kunywa hainiachi.

Ninyi mungefanya nini?