Dereva Aliyebaki kwa Sababu ya Kadi

Jumanne iliyopita, saa nane mchana, nilikuwa nikianika nguo simu ilipolia. Aliyepiga ni mtunza stoo wa kampuni ya usafirishaji niliyoifanyia kazi Athi River kabla sijaanza kuandika katika gazeti hili. Hatukuwa tumezungumza kwa muda mrefu, kwa hivyo nilipoona jina lake nilijua hakunipigia kunisalimu. "Lori limeanguka kwa ule mteremko wa kwenda Masii," alisema. "Breki." Sikumuuliza dereva alikuwa nani. Niliketi juu ya beseni nililokuwa nimelipindua, nikangoja ataje jina nililoogopa kulisikia kwa karibu miaka minane, naye akalitaja. Sitaliandika hapa. Mkewe hapendi litangazwe, na mimi, mkiendelea kusoma, mtaona kwamba sistahili kulitumia kupamba safu yangu.

Alikuwa mtu mrefu, mpole, mzaliwa wa upande wa Wamunyu. Kaka zake ni wachongaji wa vinyago, lakini yeye alisema makalio yake yalikataa kukaa chini kutwa nzima, ndiyo maana akatafuta kazi ya kukaa kwenye kiti cha gari. Alibeba saruji kutoka Athi River kwenda Machakos, Kitui na Mwingi. Kabla ya safari alilizunguka lori taratibu, akigonga kila gurudumu kwa kipande cha chuma huku ameinamisha kichwa, kama daktari anayesikiliza kifua. Mimi nilikuwa karani wa ofisi, mdogo kwake kwa miaka mingi, lakini aliniita mwaitu, yaani mama yangu, kama Wakamba wanavyomwita mwanamke wanayempa heshima. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kutunza kadi za hospitali. Kila dereva wa kudumu alikuwa na kadi, na kwa kadi hiyo mkewe na watoto wake walitibiwa kwa gharama ya kampuni. Wengi waliisahau kabatini. Yeye aliitumia kila mwezi, kwa sababu alikuwa na binti wa miaka tisa mwenye ugonjwa wa moyo, mtoto aliyeshindwa kupanda kilima cha kwenda shule bila kuketi njiani mara mbili.

Mwishoni mwa miaka ya tisini alikuja ofisini wakati wa chakula cha mchana, akaketi mbele yangu na kofia yake magotini. Mfanyabiashara mmoja wa Katangi alikuwa amenunua lori zuri na alimtaka aliendeshe. Mshahara ulikuwa karibu mara mbili ya ule tuliomlipa. Kadi haikuwepo, wala likizo, wala malipo ya uzeeni. "Ameniambia wazi," alisema. "Nikiwa mgonjwa ni shauri yangu, mtoto akiwa mgonjwa ni shauri yangu. Lakini pesa iko. Sasa mwaitu, wewe unaona hizi makaratasi kila siku. Niambie."

Nilimwambia. Nilimweleza kwamba mshahara mkubwa huliwa na karo, mafuta ya taa na jamaa, na kwamba upasuaji wa moyo wa mtoto wake hautasubiri akusanye pesa. Nilimwambia abaki. Alinitazama, akavaa kofia, akasema, "Basi nitakaa." Niliona fahari siku ile. Nilijiona nimeokoa nyumba.

Miezi michache baadaye msimamizi wa magari aliniomba orodha ya madereva ambao jamaa zao walikuwa wakitibiwa mara kwa mara. Alisema watu wa bima wanaitaka. Nikapiga chapa majina sita, nikampelekea pamoja na chai. Sikufikiria tena jambo hilo mpaka nilipoanza kuona kitu katika karatasi za safari, ambazo zilipitia mezani pangu kila asubuhi. Kampuni ilikuwa na malori mapya kiasi na mengine makuukuu yaliyokuwa yakitoka gereji leo na kurudi kesho. Zamani kila dereva alipata lolote lililokuwa tayari. Sasa malori makuukuu yaliangukia watu walewale. Niliwahesabu: walikuwa sita, na yule mzee wa Wamunyu alikuwa mmoja wao. Nikatoa nakala ya orodha yangu kwenye faili na kuilinganisha, jina kwa jina. Ilikuwa ileile.

Madereva wengine walikuwa wamekataa magari hayo. Wawili waliacha kazi kabisa, wakarusha funguo mezani na kwenda zao. Lakini hawa sita hawakurusha kitu. Wiki hiyohiyo nilimsikia msimamizi akimwambia fundi, mlango ukiwa wazi, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa: "Hao wape. Hao hawaendi popote."

Nilimngoja mzee langoni siku iliyofuata, kabla hajaondoka, nikamweleza yote, orodha na maneno ya mlangoni. Nilitarajia akasirike. Aligonga gurudumu la nyuma, akasikiliza, kisha akasema, "Mwaitu, nilijua kitambo. Sisi tuko na wagonjwa ndio tunapewa hizi. Hata mafundi wanajua."

"Sasa kataa, mzee. Mwambie hii gari haina breki."

"Nikikataa asubuhi, jioni narudisha kadi. Na msichana anaenda operesheni mwezi ujao." Alinieleza jinsi alivyokuwa akiteremka: gia ya chini tangu juu kabisa kileleni, mguu ukigusa breki kidogo kidogo ili upepo unaosukuma breki usiishe, na jicho likitafuta ukingo wa udongo mahali pa kulielekeza gari mambo yakiharibika. Alisema mteremko wa Masii ndio pekee aliouogopa, kwa sababu una kona mwishoni. Kisha akaniomba jambo moja. "Usiambie mama watoto. Yeye analala vizuri siku hizi."

Sikumwambia. Wala sikumwendea mkurugenzi, wala polisi wa barabarani, wala chama cha wafanyakazi. Ukweli ni kwamba mimi pia nilikuwa na kadi, na mama yangu alikuwa na ugonjwa wa presha. Nilijiambia kwamba nikifukuzwa sitamsaidia mtu. Miaka mitatu baadaye nilipata kazi hii ya kuandika, nikaagana na wote kwa soda na keki, na orodha yangu nikaiacha ndani ya faili. Tangu hapo nimeandika katika safu hii kuhusu maji, kuhusu barabara, kuhusu wanasiasa wetu na ahadi zao. Sikuwahi kuandika kuhusu malori yale.

Miaka hiyo ilikuwa migumu kwa kila mtu. Viwanda vilipunguza watu, na waliobaki waligeuzwa vibarua wa siku. Kila alfajiri ungewaona watu wamejipanga kwenye malango ya Athi River, wakitumaini mmoja wa ndani ameugua. Katika hali hiyo mtu mwenye kazi ya kudumu na marupurupu alionekana ametajirika. Tulimwonea wivu. Hatukuuliza marupurupu hayo yamemfanya akubali nini. Mtu asiye na kitu cha kupoteza hapo kazini anaweza kuondoka akitukanwa, ama akipewa gari bovu. Mwenye mtoto anayeishi kwa dawa hawezi, na anayemtuma anajua kwamba hawezi. Nimefikiria sana kama mzee angeishi zaidi kwa yule tajiri wa Katangi. Huenda angeishi, na binti yake afe akiwa na miaka kumi. Sijui. Najua tu kwamba aliwekewa chaguo lile upya kila asubuhi, kwa miaka minane, na kila asubuhi alipanda.

Tulimzika Ijumaa nyumbani kwao, kwenye udongo mkavu uliowatoa jasho vijana wa kuchimba. Msimamizi wa magari alikuja na shada la maua, akasimama mbele ya watu, akamsifu marehemu kwa uaminifu. Alisema hakuwahi kukataa safari hata moja. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Baada ya maombi, binti yake alinijia. Sasa ana miaka kumi na minane, mwembamba, na shingo ya gauni lake inaonyesha ncha ya kovu la upasuaji. Ataishi kwa dawa ya kuzuia damu isigande na kupimwa kila mwezi, maisha yake yote. "Anti, barua imekuja," alisema. "Kadi inaisha mwisho wa mwezi. Lakini usiwe na wasiwasi, nimepata kazi. Kulikuwa na ya duka hapo Machakos, wanalipa mzuri. Nimechukua ya kushona nguo, kiwanda kimoja Athi River. Pesa ni kidogo lakini iko na hospitali."

Nilishindwa kumpongeza. Nilimshika mkono, nikamwambia kwamba siku yoyote atakayoambiwa afanye kitu anachokiogopa, anipigie kwanza.

Alinitazama kama baba yake alivyonitazama nilipomwambia abaki. "Na nikikupigia, anti, utafanya nini?"

Nilisema nitakuja. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtoto anayemkubalia mkubwa, akaenda kumsaidia mama yake kukusanya sahani. Hakuniamini, na alikuwa na haki. Tunapomwambia mtu ashikilie kazi kwa sababu nyumbani kuna mgonjwa, tunamwambia pia asikatae lolote atakaloamriwa. Basi anayetoa ushauri huo awe tayari kukataa kwa niaba yake, kwa sauti, mbele ya mkubwa, hata kama naye ana cha kupoteza. Mimi nilitoa ushauri, kisha nikapiga chapa orodha, kisha nikanyamaza.