Chuma Kinachosinyaa

Katika amani hii ndefu, samurai wa mji wa ngome hawapigani ila na wali, na kila mwaka mpya ukikaribia humletea fundi deraya zao, mavazi ya chuma ya vita, zisizofungika tena kiunoni. “Chuma chako kimesinyaa, Fundi!” hufoka Bwana Kuribayashi, kitambi mbele. “Ni unyevu, bwana,” hujibu Fundi bila hata kutabasamu, vidole vyake vyeusi vikilegeza kamba za hariri, huku mkewe, Otsune, akiuma kitambaa nyuma ya pazia asicheke.

Mwaka huu Kuribayashi kaja mifupa mitupu, deraya inampwaya. “Safari hii kimetanuka,” akasema, akikohoa. Nje theluji ilikuwa ikianguka. “Ni joto, bwana,” Fundi akajibu, akikaza kamba. Otsune akaleta mkasi akate kamba iliyozidi. Fundi akamshika mkono. “Iache. Mwakani tutalegeza tena.”